Naomba ushauri: msuli wa nyuma ya paja unachanika kila akirudi uwanjani

Habari wakuu. Kuna mchezaji wa ndondo (soka la mtaani), miaka 27, paja la kulia, hii ni mara ya tatu. Kosa ni lile lile la vijana wengi hapa Dar: maumivu yakiisha, anahesabu amepona. Maumivu hutangulia kuisha, nguvu huchelewa, hasa ile ya kuuzuia mguu unapotupwa mbele kwenye mbio kali. Hapo ndipo msuli unapochanika.

Sasa hivi anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, anashuka mbele taratibu mpaka ashindwe, kisha anajidaka kwa mikono. Alianza seti 2 za mara 5, siku moja kwa wiki. Wiki ya nne amefika seti 3 za mara 8, siku tatu. Anaongezea kuinua nyonga kwa mguu mmoja. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yasiwe yamepanda. Dawa ya maumivu ya diclofenac kabla ya mazoezi nimepiga marufuku, inaficha dalili.

Ninapokwama ni kwenye mbio. Yuko asilimia 70 ya kasi yake. Nyie mnapandisha kwa vipimo gani mpaka 100? Mchanga wa ufukwe wa Coco naona unamchosha vigimbi tu, kasi halisi haifiki, au nakosea? Halafu akikaa muda mrefu kwenye daladala anaumia juu kabisa, karibu na mfupa wa kukalia. Hiyo ni ya kupeleka kwenye kipimo cha picha cha MRI sasa, au nisubiri?