Kupandisha na kushusha sauti mahali mahali ndani ya treki moja

MwanaKibokoni

Assalamu alaikum, ndugu zangu mafundi.

Ninamrekodi ami yangu akisoma utenzi nyumbani kwetu Mji wa Kale, kwa maikrofoni moja iliyounganishwa na kompyuta, na programu ninayoitumia ni Audacity. Treki ya kwanza ni sauti yake. Ya pili ni udi uliopigwa siku nyingine, ambao nimeulaza chini ya usomaji. Ami husoma vipande vitatu vya kwanza vya ubeti kwa nguvu, kisha akifika kipande cha nne pumzi zinamwishia, au anainamia ukurasa kutafuta ubeti unaofuata, na sauti inazama. Bahati mbaya hapo ndipo kinapokaa kile kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Mizani zote nane humezwa na udi. Nikipandisha kitelezi cha treki, vipande vitatu vya mwanzo vinapasua masikio. Nikikishusha, cha nne hakisikiki kabisa.

Nimejaribu kukikata kila kipande cha nne na kukikuza peke yake. Beti kumi zilinichukua usiku mzima, na katika kila mkato pamebaki kijisauti kama cha ukucha ukigonga meza. Utenzi wenyewe una beti 120. Je, ipo njia ya kuiagiza programu ipunguze hapa na iongeze pale ndani ya treki ile ile, na kesho nikibadili mawazo niweze kurekebisha bila kuanza upya?

FundiWaTudor

Wa alaikum salaam. Njia ipo, nawe unayo tayari. Bonyeza F2, na treki itazungukwa na mstari wa sauti, ule ambao mafundi huuita envelopu. Kila unapobofya juu ya wimbi huzaliwa nukta. Ukiivuta kuelekea katikati ya treki sauti hushuka, ukiirudisha kuelekea ukingoni hupanda, na baina ya nukta na nukta programu yenyewe huchora mteremko. Nukta usiyoitaka ivute hadi nje ya treki, nayo itatoweka. Ukimaliza bonyeza F1 ili urudi kwenye kishale cha kawaida, la sivyo utajikuta unapanda nukta kila unapobofya.

Ningekushauri uanze kinyume cha ulivyofikiri: usikipandishe kipande cha nne, bali vishushe vile vitatu vinavyokizidi nguvu, kisha upandishe treki nzima kwa kitelezi. Kwa kila ubeti weka nukta nne: mbili zilizokaribiana katika ukimya kabla ya kipande cha kwanza, na mbili katika ukimya baada ya cha tatu. Za kuvuta ni zile mbili za ndani. Za nje ni vigingi tu, kazi yake ni kuzuia mabadiliko yasimwagikie ubeti jirani. Wengi huweka nukta mbili pekee, kisha hushangaa kuona treki yote imepinda hadi mwisho.

Kuhusu ule ukucha: unatokea kwa sababu pale ulipokata, wimbi linaruka ghafla kutoka kimo kimoja hadi kingine. Mteremko wa milisekunde 20 au 30 unatosha kuuondoa. Na kwa kuwa mstari huu hauibadilishi rekodi yenyewe mpaka utakapoamuru treki ichanganywe na kutolewa upya, unaweza kuuvuta kila siku kwa mwaka mzima na sauti ya ami ikabaki ilivyorekodiwa.

BintiWaNyali

Samahani kwa kuingilia, lakini beti 120 kwa nukta nne ni nukta 480. Kwa nini ndugu yetu asitumie kompresa, ile inayobana yenyewe sauti zilizo kubwa mno? Akiweka uwiano wa 3 kwa 1, kila desibeli tatu (kipimo cha ukubwa wa sauti) zinazovuka kizingiti, yaani kiwango unachokiweka, zitatoka kama desibeli moja, vipande vitatu vya mwanzo vitajishusha vyenyewe, naye alale mapema.

MzeeWaMitambo

Bi Nyali, hesabu yako ni sahihi, lakini kompresa ni mtumishi hodari asiyejua Kiswahili. Haiwezi kupambanua kina na pumzi. Ukiibana sauti kwa nguvu kisha ukaipandisha yote ili kufidia, vinapanda pia feni la darini, pikipiki ya uchochoroni na kunguru wetu hawa wasiokuwa na adabu. Nami simkatazi kuitumia. Nasema kazi ya mkono itangulie, ile tofauti kubwa ipunguzwe kwa nukta kwanza, ndipo kompresa ilainishe kilichobaki kwa upole.

Hapa pana jambo ambalo lilinisumbua miaka, nalo ni mahali mstari ulipo katika safari ya sauti. Mimi hutumia Reaper, programu nyingine ya kurekodi na kuhariri sauti. Humo ukichagua treki na kubonyeza V, mstari wa sauti hutokea, na nukta huongezwa kwa kubofya huku umeshikilia Shift. Lakini mstari huo wa kawaida unafanya kazi baada ya plagini zote za treki, yaani vile vifaa vya kubadili sauti unavyoviongeza, kompresa ikiwemo, kwa hiyo kompresa haina habari nao: inaendelea kupokea makelele yale yale na kubana vile vile. Upo mstari mwingine wa sauti unaofanya kazi kabla ya plagini, na huo ndio wa kusawazishia usomaji. Ule wa baada ya plagini uuweke kwa ajili ya hisia, yaani pale unapotaka msikilizaji asogee karibu.

Njia ya pili ni kucheza rekodi huku unasogeza kitelezi kwa mkono, na programu inakariri. Hapo uwe macho na hali unayochagua. Katika hali ya Touch ukiachilia kitelezi kinarudi kwenye mstari wa zamani. Katika Latch kinabaki pale ulipokiacha mpaka usimamishe. Na Write inafuta kila inachokipita tangu unapoanza kucheza, hata kama hujagusa kitu. Usiku mmoja niliiacha treki katika Write, nikaicheza kaswida ya dakika saba ili niisikilize tu huku ninakunywa kahawa. Kahawa ilipokwisha, kazi ya jioni nzima ilikuwa imekuwa mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa mvuvi.

Na feni lizimwe, mwanangu. Ukipandisha kipande kwa desibeli 5, na feni linapanda 5. Rekodini baada ya Isha, kunguru wakishalala.

MwanaKibokoni

Ahsanteni sana. Jana nilikaa na beti zile kumi, na kwa nukta zilinichukua kama nusu saa. Mwanzoni nilivishusha vipande vitatu kwa desibeli 6, yaani kimo cha wimbi kikawa nusu, hata vyote vinne vikalingana. Nilijisifu. Kisha nikamwita ami asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni.

Alisikiliza kimya mpaka ubeti wa saba, akavivua, akaniuliza, "Nani huyu anayesoma?" Akanieleza kwamba katika ubeti wa saba na wa tisa hakuishiwa pumzi; mzazi anamuusia mtoto, naye alinong'ona kwa makusudi. Nimezirudisha beti hizo mbili kama zilivyokuwa, na kwingine nimeshusha desibeli 3 au 4 tu, hata tofauti ikabaki kidogo. Ami ameridhika. Lakini katika hizo mbili udi umerudi kukimeza kina. Nifanyeje, ikiwa sauti yake siruhusiwi kuigusa?

FundiWaTudor

Mwachie ami sauti yake, chora mstari kwenye udi. F2 ni ile ile, treki ya pili. Programu hiyo ina amri ya kushusha muziki yenyewe kila sauti inaposikika kwenye treki iliyo chini yake, lakini kwa beti mbili haina haja, tena itaushusha udi kwa sauti yoyote inayovuka kizingiti, hata kikohozi. Weka vigingi vyako kwa mkono. Anza kuushusha udi mwishoni mwa kipande cha tatu, taratibu, kwa muda wa nusu sekunde hivi, usisubiri mpaka ami aanze kunong'ona. Ukisubiri, sikio litaugundua mkono wako. Desibeli 4 zijaribu kwanza. Kisha uachie udi upande tena baada ya silabi ya mwisho ya kina, si juu yake, na kama mpigaji ana mdundo mzito hapo, subiri huo upite ndipo upandishe.

Na mpe ami salamu zetu.