Fundi wa Mwanga kanionesha spidi ya RAM, kasema ni SSD, halafu KANITUMA NIKAUZE DAGAA!

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Jina simtaji. Aliyewahi kuharibikiwa kompyuta Kigoma hii anamjua: kiti cha kuzunguka, miwani juu ya paji la uso, spika mlangoni utadhani anagombea udiwani. Ametukamua kuanzia Ujiji hadi Gungu, nasikia hadi mbuzi wa Katubuka wanamdai chenji.

"NENDA KIBIRIZI KAUZE DAGAA, KOMPYUTA TUACHIE WENYEWE." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa, mtu mzima mimi, mbele ya wateja. Kulikuwa na mama amekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, alicheka hadi kopi zikamdondoka!

Iko hivi. Nahariri video za harusi na send-off. Kompyuta yangu ina HDD, diski ile ya sahani inayozunguka, ya tangu enzi za mkoloni, ukifungua video unakwenda msikitini, unaswali, unasalimia wazee, unarudi unakuta kiduara bado kinazunguka. Nikaenda anifungie SSD, diski ya kisasa isiyo na sahani, yenye mbio zaidi. Akasema anayo moja "maalumu", laki na themanini, inazipita SSD zote za Kariakoo mara kumi. Nikaomba nione. Akageukia kompyuta yake ya mezani, kava lake liko wazi, akafungua CrystalDiskMark, programu ya kupimia mbio za diski, akabonyeza. Ikaja 6,900 MB kwa sekunde. Duka zima likaguna.

Mimi macho yangu yako kwenye waya. Waya mwekundu bapa wa SATA, umetoka kwenye mazabodi umeingia kwenye hiyo SSD yake. Wakuu, SATA ya tatu mwisho wake ni gigabiti 6 kwa sekunde, ukitoa zinazoliwa na usimbaji inabaki MB 600, na SSD nzuri ya SATA inakupa 550 hivi. Sasa hiyo 6,900 imepitia wapi? Dirishani?

Nikasogea kwenye kioo. Kumbe kilichopimwa ni diski R. Nikamwomba anioneshe ukubwa wake. C ina GB 240, R ina GB 3. GB TATU! Ile ni RAM disk. Kamega kipande cha RAM, ile kumbukumbu ya muda inayofutika ukizima kompyuta, programu imekivisha herufi ya diski, kakipima hicho, anachouza ni kile chenye waya mwekundu. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Fundi, samahani kaka yangu, hiyo siyo SSD, hiyo ni RAM. Zima uwashe tuone kama faili zitabaki."

Hapo ndipo akazungusha kiti taratibu, akanitazama kuanzia kandambili hadi kofia, akasema niende Kibirizi nikauze dagaa. Hakuzima. Hakuwasha. Namuuliza habari ya RAM ananijibu dagaa!

Nataka mtu huyu apigwe marufuku kushika bisibisi mkoa mzima, Kasulu na Kibondo wapewe taarifa asije akahamia huko. Toka nimetoka pale sijala. Kila nikifunga macho naona kile kiti kinazunguka.

Mwana Gungu: Naweka kambi hapa. Chai ipo, maandazi yapo.

Bishoo wa Bangwe: Uzi hauna picha. Hii chai mkuu.

Mleta mada: Ningepigaje picha duka zima linanicheka?! Wewe hujawahi kutumwa dagaa mbele za watu!

Waya Mweusi: Punguzeni jazba tuelewane. Kwenye namba mleta mada yuko sahihi. RAM disk ni kitu cha siku nyingi, DOS, ule mfumo wa kompyuta wa zamani, ilikuja na RAMDRIVE.SYS yake, na kwenye Linux ukiweka faili ndani ya /dev/shm umeliweka kwenye RAM. Kwa mbio SSD haiigusi. RAM inajibu ndani ya nanosekunde mia hivi, SSD inahitaji makumi ya mikrosekunde, na HDD inakwenda hadi milisekunde 10 maana kile kichwa cha kusomea lazima kitembee juu ya sahani. Kijiti kimoja cha RAM aina ya DDR4-3200 kinapitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Ile 6,900 ni ndogo kwa RAM, nyingine inaliwa njiani na prosesa na mfumo wa faili. Lakini umeme ukikatika, R yote imekwenda na maji.

Kijana wa Lumumba: Kwa hiyo fundi kasema kweli! Kasema inapita SSD mara kumi, imepita. Unabishana na namba kweli? Kibirizi si mbali, bajaji zipo.

Mleta mada: SIJABISHA KWAMBA RAM INA MBIO! Nabisha kuuziwa SATA kwa namba za RAM! Ile RAM si inabaki kwake dukani? Mimi naondoka na nini, na picha ya 6,900 kichwani? Na hata angenitengenezea hiyo R kwenye kompyuta yangu, nikaweka humo harusi ya mtu wa Ujiji, umeme ukakatika kama unavyokatika, bibi harusi nitamwambiaje? Aolewe upya?

Kijana wa Lumumba: Aolewe upya, wali tupo tutakula.

Mama Steshenari: Si ungemwomba NVMe basi, SSD zisizopita kwenye waya wa SATA, zinapita njia ya PCIe. Za PCIe 3 zinafika 3,500, za PCIe 4 zinakaribia au kugusa 7,000. Hiyo 6,900 ungeipata kihalali na faili zako zingelala salama.

Mleta mada: Mazabodi yangu haina tundu la M.2 la kuchomeka hizo NVMe. Nilikwenda kutafuta 550 yangu ya halali, nikarudi na dagaa.

Waya Mweusi: Na kwa kazi ya video hiyo R haikusaidii kitu. Harusi moja GB 100, utaiingizaje kwenye GB 3? Halafu Windows yenyewe faili ulizotoka kuzifungua inaziweka kwenye RAM iliyo wazi. Ukiikatia RAM kipande kikubwa, ile programu ya kuhariri ndiyo inakosa hewa. Kwa aliyetoka kwenye HDD, SSD ya SATA tu inatosha kumtoa machozi.

Binti Kibirizi: Samahanini, nimesoma tangu mwanzo. Kwani kuuza dagaa ni tusi? Nauza dagaa, nimejenga, wanangu wanasoma. Mnaandika dagaa kwa herufi kubwa kana kwamba mtu katukaniwa mama yake.

Mleta mada: Dada yangu, mimi sijadharau dagaa. Yeye ndiye kadharau, kakudharau wewe na mimi kwa pamoja. Njoo twende wote pale dukani!

Binti Kibirizi: Mimi siendi popote, niko kwenye chanja nageuza mzigo. Na wewe ungekuwa huoni aibu usingekosa kula.

Bishoo wa Bangwe: Mleta mada kachezea kichapo nje ndani.

Mzee wa Reli: Binti, kwa kuwa umejitokeza, tuambie kwa nini dagaa wenu siku hizi wana mchanga. Juzi nimetafuna mpaka jino limelia.

Binti Kibirizi: Hao ni wa wanaoanika chini baba, sio wangu. Wa chanja hana mchanga hata ukimtafuta kwa tochi. Uliza kabla hujanunua.

Mwana Gungu: Mchanga tumezoea, tuzungumze bei! Ziwa walipolifunga Mei hadi Agosti 2024 tuliambiwa samaki wazaliane. Wamezaliana, mbona sado haishuki?

Binti Kibirizi: Mafuta ya boti unanunua wewe? Na mwezi ukiwa mpevu taa za kuvutia dagaa zinafanya kazi gani ziwani? Siku hizo watu wamelala nyumbani, mnataka nishushe bei kwa samaki gani?

Mleta mada: Jamani tusihame kwenye mada. Diski ilikuwa R, GB 3. Nilimwambia azime awashe...

Mwana Gungu: Tulia mkuu, hapa ni bei ya dagaa.

Mnyamwezi wa Isevya: Nyie wa Kigoma mnadeka. Huku Tabora mwenzenu nimeuziwa SSD ya nje ya TB 2 kwa elfu arobaini. Kompyuta inaionesha TB 2 kabisa. Nikaipima kwa H2testw, programu ya kukagua ukubwa halisi wa diski, ina GB 60, ukizidisha inaandika juu ya vya zamani kimyakimya. Picha zote za kipaimara cha mwanangu hazifunguki. Aliyeniuzia kila siku tunapishana sokoni ananiita "mzazi mwenzangu".

Mama Steshenari: TB 2 kwa elfu arobaini na wewe ukaamini?

Mzee wa Reli: Mtu wa Tabora asiongee habari ya kuibiwa. Mwaka jana nilinunua asali kwenu hapo stesheni, nimefika nayo nyumbani imeganda yote. Sukari tupu!

Mnyamwezi wa Isevya: Mzee, asali halisi nayo inaganda. Hiyo haikupi ushahidi.

Mzee wa Reli: Niliipima kwa kiberiti, haikuwaka.

Mnyamwezi wa Isevya: Kiberiti ni porojo za vijiweni! Tafuta mrina asali mwenyewe kule Sikonge, achana na wapanga chupa wa stesheni.

Mama Steshenari: Kuna anayetoka Tabora na treni wiki hii aniletee lita 5? Nalipa nikishaonja.