Sahare, Tanga: nyanya zinadondosha maua, sukuma wiki inaungua kingo. Nianze na mboga gani?

MamaNeema (Sahare)

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kulima nyumbani hapa Tanga mjini, hasa huku karibu na bahari.

Mimi ni mzaliwa wa Rombo. Kwetu mboga unachomeka nyuma ya nyumba, na sukuma wiki moja unaichuma mpaka inakuwa ndefu kukuzidi. Tumehamia Sahare kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na nyumba ina ua wa nyuma mzuri tu. Udongo ni mchanga wa kijivu, ukizamisha jembe kidogo unagonga jiwe la matumbawe. Jua linapiga tangu asubuhi mpaka alasiri, kivuli kipo upande mmoja tu, cha mwembe wa jirani. Kumwagilia natumia maji ya kisima cha hapa hapa uani. Ya bomba tunayatunza kwa kupikia.

Nimepanda vitu vitatu. Nyanya ziko kwenye ndoo za lita 20, zimerefuka na zina maua mengi, lakini maua yanakauka kwenye kikonyo na kudondoka, tunda hakuna. Sukuma wiki majani yanakuwa ya kahawia pembeni, kingo zinakauka kabisa, halafu jani linajikunja. Tatu ni mapapai, niliotesha mbegu za papai tulilokula wenyewe. Hayo yamestawi, yamefika magotini, ila sijui kama yatazaa au nalea miti tu.

Natamani hii bustani ifanikiwe. Watoto wangu wanakula mboga wakiwa wameichuma kwa mikono yao, ya sokoni wanaisukuma pembeni ya sahani. Tatizo langu ni udongo, maji au mbegu? Na mtu anayeanza kulima hapa aanze na nini?

Makorora_Kijani

Pole dada. Hiyo ni chumvi pamoja na udongo kuchoka. Mwaga majivu ya jikoni kwa wingi, yanarudisha rutuba na wadudu wanakimbia. Halafu weka samadi ya kuku ya kutosha. Kwa nyanya ingia duka lolote la pembejeo uombe busta ya maua, pulizia mara mbili kwa wiki, maua yatashika.

Bibi wa Mikanjuni

Karibu Tanga, mwanangu MamaNeema. Nimelima mboga ua wa nyumba tangu wanangu wadogo, na sasa nalima na wajukuu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu kidogo.

La kwanza, majivu usimwage. Kijana wangu wa Makorora kasema kwa nia njema, na majivu yana kazi yake kule milimani kwenye udongo mwekundu wenye uchachu. Lakini wewe hapo Sahare wakaa juu ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Majivu nayo yafanya kazi ile ile ya chokaa. Ukiyaongeza hapo, mmea washindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yamo ardhini, na utaona majani machanga yatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiwaona wadudu mafuta chini ya majani, nyunyiza majivu makavu kidogo juu ya jani basi, si kumwaga shambani kwa ndoo. Samadi ya kuku mbichi iache vile vile. Ni kali, ina chumvi yake, na sukuma wiki yako tayari yalia chumvi.

Kuhusu hayo maji ya kisima, usikisie. Tia maji kidogo kwenye sufuria, chemsha mpaka yakauke, kisha tazama chini. Ukoko mweupe utauona karibu kila kisima cha huku pwani, maana chokaa nayo huacha ukoko. Sasa gusa kwa kidole, uonje kwa ncha ya ulimi. Chokaa haina ladha ya chumvi. Ukionja chumvi, basi jani la sukuma wiki limekwambia kweli, maana chumvi huanza kuunguza kingo na ncha za majani, na huanza na yale makubwa ya chini.

Hilo halimaanishi uache kisima. Maana yake ubadili namna ya kumwagilia. Watu wengi hunyunyiza kidogo kidogo kila jioni, majani yakalowa na udongo ukalowa juu juu. Asubuhi jua layavuta yale maji, chumvi yabaki pale pale juu, na kesho yake waongeza nyingine. Mwagilia shinani, asubuhi na mapema, maji mengi kwa mkupuo mpaka yazame, yaisukume chumvi chini ya mizizi. Mchanga wako una sifa hiyo, wapitisha maji upesi. Ukipata maji ya bomba ya kuchanganya nusu kwa nusu, changanya. Na masika yakishika mwezi wa tatu na wa nne, mvua yenyewe itaosha udongo wako bure. Weka mapipa chini ya michirizi ya paa, maji hayo ni ya kuoteshea miche.

Ila mchanga unaopitisha maji hauhifadhi chakula, na hapa ndipo bustani ya pwani huponea au hufia. Waombe wakuna nazi na wauza madafu makumbi, wengine watakupa bure wapate kusafisha mahali pao. Yaloweke siku mbili tatu, umwage yale maji mekundu. Kisha chimba tuta lako mpaka ulifikie jiwe, na kama jiwe li karibu, inua tuta kwa kuzungushia matofali au magogo ya mnazi. Panga makumbi chini, tumbo la kumbi litazame juu lishike maji. Juu yake tia majani makavu, kisha samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi, ile iliyogeuka nyeusi na haina harufu tena. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa mjini ni wengi, nenda na kiroba chako. Changanya samadi hiyo na ule mchanga wako kiasi sawa, funika juu na nyasi kavu. Kazi hii ifanye sasa, mwezi huu wa pili, kaskazi ikiwa bado inavuma na huna la kupanda. Mvua ya kwanza ikute tuta li tayari.

Na cha kupanda, mwanangu, ni kile ambacho pwani yakipenda. Kabichi na karoti waachie Lushoto. Kule wako juu, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya usiku ndiyo ifungayo kabichi. Wewe anza na matembele. Hayana mbegu ya kununua, ni kipande cha mtambaa chenye vifundo vinne au vitano, walaza chini na kufukia vifundo viwili vitatu, baada ya mwezi hivi wachuma ncha. Fuata mchicha, mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu ndipo umwage, usije ukaota umebanana. Wiki tatu hadi nne wala. Usiung'oe wote, kata shina juu ya majani ya chini, uchipue tena. Bamia loweka mbegu usiku kucha, panda vuli au masika, miezi miwili yaanza kuzaa, na ichume kila baada ya siku mbili kwa maana ikikomaa ni kamba tupu. Kunde zikupe majani kwanza, mbegu baadaye. Pembeni ya ukuta chomeka tawi la mlonge, huo hata ukiusahau waota.

Sukuma wiki nayo si haramu huku. Iweke upande wa mwembe ipate kivuli cha mchana, au isimamishie kichanja cha makuti. Na kama kisima ni cha chumvi kweli, spinachi yenye majani mapana yavumilia chumvi kuliko sukuma wiki. Maharage na vitunguu ndivyo vya kuogopa, hivyo chumvi kidogo tu vyadumaa.

Bwana Miche

Nimesoma maelezo ya bibi, nayaunga mkono yote. Mimi naotesha miche ya kuuza upande wa Pongwe, niongeze kwenye nyanya.

Dada, nyanya zako si wagonjwa. Zina joto la usiku. Nyanya inapenda usiku wa nyuzi joto kama 15 hadi 20. Tanga mwezi wa pili usiku haushuki sana chini ya 24, na hapo chavua inadhoofika, ua linafunguka lakini halishiki tunda, mmea unalidondosha. Busta haipunguzi joto la usiku, na nyingine zina naitrojeni inayokuongezea majani tu. Hela hiyo nunulia mbegu.

Kalenda ya nyanya hapa kwetu inafuata upepo. Sia mbegu mwezi wa tano, kitalu kiwe chini ya paa au turubai kwa sababu mvua ya masika inabeba ukungu kwenye majani. Baada ya wiki tatu hadi nne hamisha miche, mwezi wa sita, kusi ikiwa imekaa na usiku umepoa. Kuanzia mwezi wa nane mwishoni utaanza kuchuma. Mbegu tafuta Tengeru 97 au Tanya, zimetolewa na watafiti wa Tengeru kule Arusha. Tengeru 97 inavumilia minyoo fundo, ile midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi kwa vinundu, na udongo wa mchanga ndio nyumba yake. Nunua pakiti iliyofungwa, si mbegu za kupimiwa kwa kijiko.

Ndoo ya lita 20 inatosha mche mmoja tu, matundu chini na kokoto. Ukiikausha siku mbili halafu ukaifurikisha, tunda litaoza kitako, doa jeusi upande wa chini. Hilo watu wanapulizia dawa bure, dawa yake ni maji kwa kipimo kile kile kila siku. Na ukiona njia nyeupe zimechorwa ndani ya majani na matundu madogo kwenye tunda, huyo ni kantangaze, kiwavi mdogo wa nyanya. Kwa ndoo chache kata hayo majani uyachome siku hiyo hiyo, usiyatupe kwenye lundo la mboji.

Hizo ulizonazo sasa zikate mpaka shina la chini kama lina chipukizi zenye afya, uone. Mimi ningeng'oa nianze upya mwezi wa tano.

Makorora_Kijani

Bibi nimekuelewa kuhusu majivu. Kwetu nyumbani asili ni Bumbuli, kule baba alikuwa anamwaga shambani na mazao yanakubali, nikadhani ni kokote.

Bibi wa Mikanjuni

Baba yako alifanya sawasawa, mwanangu. Bumbuli mvua ni nyingi na udongo una uchachu, majivu hukubali. Pale ua wako wa Makorora chimba kwanza uone kama wapata jiwe jeupe.

MamaNeema (Sahare)

Shikamoo mama. Asanteni nyote, nimekaa nimesoma mara mbili na kuandika kwenye daftari.

Nimechemsha maji kama ulivyosema. Ukoko upo na ni wa chumvi, hata mtoto wangu mkubwa ameonja akasema hivyo. Kwa hiyo sukuma wiki nimeanza kuichanganyia maji ya bomba, na kuanzia leo ni shinani tu. Leo jioni nimepita kwa wauza madafu barabarani nikarudi na viroba viwili vya makumbi.

Mbegu ya matembele nitaipata wapi, maana sokoni wanauza ncha laini za kupika? Na mapapai bado sijajibiwa.

JiraniPongwe

Dada, papai ninalo uani, nikusaidie hapo. Mpapai wa mbegu huwezi kuujua kabla haujatoa maua, na hayo huja kwenye mwezi wa tano au wa sita tangu kuota. Dume linatoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, vimejaa viua vidogo vingi. Jike lina ua kubwa, moja moja, limebana kwenye shina, na ukilitazama ndani unaona kijipapai kidogo tayari. Ipo pia yenye jinsia zote mbili, ua lake limerefuka na lina chavua na kijipapai pamoja, hiyo inazaa yenyewe.

Kwa hiyo usitegemee mche mmoja. Panda mitatu shimo moja, shimo na shimo mita mbili au zaidi, ikitoa maua bakiza mmoja kila shimo na uache dume moja tu la kuhudumia mengine. Kama yako yamefika magotini na yamebanana, hamisha sasa hivi na udongo wake, jioni, usisubiri. Mzizi wa papai ukiushtua mkubwa haupoi. Na mahali pawe pameinuka. Masika maji yakituama shinani siku mbili tu, mti unaoza.

Bibi wa Mikanjuni

Marahaba mwanangu.

Matembele ya sokoni hata hayo yaota ukichagua mafungu yenye vishina vigumu kidogo. Yatie kwenye glasi ya maji, siku tano utaona mizizi. Lakini bora upate mtambaa uliokomaa. Waulize majirani zako wa Sahare, wengi wanayo nyuma ya bafu ambako maji humwagika, na hakuna atakayekunyima matembele. Wewe peleka kiroba na useme ni mbegu. Usipopata, niandikie. Mimi huyapunguza yangu kabla ya masika na nina ya aina mbili, ya jani zima na ya jani lililochanika. Lililochanika ni laini zaidi likipikwa kwa nazi, na watoto hulipenda.

Panda mvua ya kwanza ikinyesha jioni, kesho yake asubuhi udongo ukiwa bado baridi. Wiki ya kwanza yafunike kwa makuti mchana, uyafunue jua likishuka.