PEEK kwenye mashine ya kawaida: moldi niipashe kwa mafuta au hita za umeme?

Wakuu, habari za kazi. Karakana yetu iko Dar, mashine yetu ya injeksheni (inayosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya moldi, yaani kalibu) imezoea vifuniko vya polipropilini. Sasa kuna mteja wa pampu za maji moto anataka bushi za PEEK, plastiki ngumu inayostahimili joto kali. Plastiki hii huyeyuka kwenye nyuzi 343, kwa hiyo silinda inatakiwa ifike 360 hadi 400. Hapo sina wasiwasi, hita za kauri zimeshafungwa na punje za plastiki nazikausha kwa nyuzi 150, saa tatu au zaidi.

Shida ni moldi. Inahitaji nyuzi 170 hadi 200, na chombo chetu cha maji ya kupasha moldi hakivuki 90. Bushi zinatoka na ngozi ya kahawia pembeni, katikati rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Najua ni kupoa haraka kabla plastiki haijaunda fuwele vizuri, na kipande cha hivyo kikikutana na joto kali baadaye kinaweza kubadilika vipimo.

Aliyewahi kufanya: ninunue mashine ya kuzungusha mafuta (bei yake, jamani!) au nitoboe moldi niweke hita za fimbo? Na kati ya moldi na mashine mnaweka kizuia joto gani?