Siku 8 za kwanza Palermo: naanzia wapi?

Mtarajiwa: Wakuu, habari zenu. Mwezi wa tisa naingia Palermo, Italia, kusoma shahada ya uzamili, viza aina D (ya kukaa muda mrefu) tayari. Nasikia kibali cha ukaazi kinaombwa ndani ya siku 8. Zinahesabiwaje? Na hela ya makaratasi nitenge kiasi gani?

Kisiwani: Mkuu, ni siku 8 za kazi tangu uingie Italia. Ukipitia Amsterdam au Frankfurt, pasi itakaguliwa huko huko, kwa hiyo tunza kipande cha kupandia ndege ya mwisho.

Nenda posta yenye dirisha la Sportello Amico, omba "kit" (bahasha ya fomu) ya permesso di soggiorno, yaani hicho kibali cha ukaazi. Ni bure. Mwanafunzi anajaza fomu ya Modulo 1 tu, kwa herufi kubwa na wino mweusi. Weka kopi za pasi, bima ya afya, na barua ya chuo iliyogongwa muhuri na ubalozi. Bahasha USIIFUNGE: karani lazima akague na kuona pasi halisi. Wengi wanarudishwa kwa hilo tu.

Gharama kwa kibali cha mwaka 1: stempu ya marca da bollo yuro 16 (inauzwa duka la tumbaku lenye herufi T, si posta), malipo ya kibali 70.46, na 30 za kutuma. Jumla 116.46. Risiti utakayopewa ina tarehe ya kwenda Questura (ofisi ya polisi) kuchukuliwa alama za vidole. Usiipoteze, kadi yenyewe huchukua miezi.

Mama Makaratasi: Naongezea kuhusu codice fiscale (namba ya mlipakodi), maana sisi wa majina matatu tunaumia hapo. Inatolewa bure na Agenzia delle Entrate, mamlaka ya kodi. Ina tarakimu na herufi 16. Tatu za kwanza zinatoka kwenye jina la ukoo, tatu zinazofuata kwenye jina lako. Karani akichanganya jina la babu na la ukoo, namba yote inabadilika, kisha benki inakukatalia. Isome palepale dirishani, ilinganishe na pasi.

Mtarajiwa: Asante sana. Na chumba, mwenye nyumba akisema tumalizane kwa mdomo?

Kisiwani: Kataa. Anayempangisha mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kutoa taarifa polisi ndani ya saa 48. Asiyetaka mkataba hatatoa taarifa hiyo, nawe Questura utaulizwa unakaa wapi. Halafu kama unawinda ufadhili wa ERSU (shirika la mkoa la kusaidia wanafunzi) kwa kiwango cha mwanafunzi anayetoka mbali, wanataka mkataba uliosajiliwa, usiopungua miezi 10.

Mama Makaratasi: Na karatasi za kipato cha familia kwa ajili ya ERSU zihalalishwe ubalozini kabla hujapanda ndege. Ukiwa huku itabidi umsumbue ndugu Dar azunguke nazo, na tarehe ya mwisho haimsubiri.

Mtarajiwa: Risiti ikiwa mkononi naruhusiwa kufanya kibarua?

Kisiwani: Ndiyo, saa 20 kwa wiki, mwisho 1,040 kwa mwaka. Ila viza ikishaisha, usivuke kwenda Ujerumani au Ufaransa kwa risiti peke yake.