Nywele nzito, maji ya kisima na mtandio wa kutwa: ratiba gani inafaa?

Kilua: Assalaam alaykum. Naomba ratiba ya wiki kwa nywele nzito, hazina dawa, zikivutwa zinafika mabegani. Maji ni ya kisima, Unguja mashamba, sabuni haitoi povu. Mtandio kutwa. Nikishakosha zinakakamaa kama makumbi ya nazi, kisogoni zinakatika, na siku ya pili kichwa kinanuka unyevu. Mafuta ya nazi kila siku, wapi! Nakosea nini?

Ukuti: Waalaykum salaam. Anza na maji. Kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya chokaa hutoa maji yenye chokaa, na sabuni ya mche ikikutana nayo inageuka utando mweupe unaoganda kwenye unywele. Huo ndio ukakamavu wako, na mafuta unayoongeza yanalala juu yake tu. Sabuni ya mche iachie nguo. Chukua vijiko viwili vya chakula vya shampuu, tia kwenye chupa ya nusu lita, jaza maji, tikisa, mimina kwenye ngozi ya kichwa. Suuza ya mwisho iwe maji ya mvua kama mna pipa. Kama hamna, siki kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji. Ndimu usikamulie kichwani: ngozi yenye maji ya ndimu ikipigwa na jua inaungua.

Mafuta ya nazi ni mazuri, ila wakati wake ni kabla ya kukosha. Yanaingia ndani ya unywele na kuuzuia usifyonze maji mengi ukavimba. Gawa nywele mafungu manane (manne hayatoshi kwa nywele nzito, mkono haufiki katikati), paka kijiko kimoja cha chai kila fungu kuanzia nchani, kaa nayo usiku mmoja. Asubuhi kosha. Baada ya shampuu tia kondishena, na hapo ndipo chanuo lipite: meno mapana, anza vidole vinne kutoka nchani, ukishafungua panda juu kidogo kidogo. Ukianzia kwenye mizizi unalisukuma fundo moja likutane na jengine, na sauti ya "tatata" unayoisikia ni nywele zinazokatika.

Mara moja kwa wiki inatosha.

Mkarafuu Pemba: Nyongeza ya majani ya mkunazi. Yakaushe kivulini, twanga, chekecha, vijiko vinne vya chakula kwa maji ya vuguvugu mpaka iwe kama uji mwepesi. Povu lake halishikani na chokaa kama la sabuni, kwa hiyo maji ya kisima si tatizo. Usipochekecha vizuri utakaa siku nzima unatoa vumbi la kijani kichwani. Wapo wanaoukataa kwa sababu ndio unaokoshewa maiti. Mti hauna kosa.

Harufu na kukatika kisogoni chanzo chake kimoja: unafunga zikiwa mbichi. Nywele nzito juu zinakauka, ndani bado. Kosha asubuhi ya siku usiyotoka, kamua kwa khanga kuukuu badala ya taulo, sokota misokoto minane hadi kumi na mbili, kaa kwenye feni. Mtandio baadaye, na chini yake kofia ya satini. Kifundo usikiweke pahala pamoja kila siku, wala usifunge kwa mpira mtupu.

Kilua: Ahsanteni. Na mba je? Halafu nikitaka zinyooke bila ya pasi?

Ukuti: Penye mba usipake mafuta kwenye ngozi, kuvu wa mba wanayala. Tafuta shampuu ya ketokonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili hadi nne, iache dakika tano ndipo usuuze.

Kunyoosha, tumia uzi. Nywele ziwe kavu, zungusha uzi kuanzia shinani kuelekea nchani, ulale nazo. Ukiona vipele kwenye paji la uso au ngozi inavutika, umekaza. Fungua usiku huohuo. Gliserini punguza, hewa yetu ina unyevu na itazivimbisha tena kabla ya adhuhuri.

Mkarafuu Pemba: Na hina ukitaka kupaka, iwe hina. Piko usitie kichwani, ile ni rangi kali, inaunguza ngozi.

Kilua: Nitajuaje zimekauka kweli?

Mkarafuu Pemba: Fungua msokoto wa kisogoni, ule mnene kuliko yote, uguse katikati kwa mdomo wa juu. Vidole vinadanganya, mdomo unausikia ubaridi. Kukiwa na ubaridi, rudi kwenye feni.