Tupeane uzoefu: Umepiga Windows mpya na tatizo liko palepale

Fundi wa Ghorofani
Wakuu, habari za jioni. Hapa mjini kompyuta ikigoma dawa ni moja tu: "piga Windows", yaani isakinishe upya. Mteja analipa, anaondoka, wiki ijayo karudi na ugonjwa uleule. Leteni visa ambavyo Windows ilisingiziwa kumbe kifaa ndicho kibovu.

Naanza. Ililetwa mashine ya mezani inayotoa skrini ya bluu, MEMORY_MANAGEMENT, mara inakaa mchana mzima haina neno. Windows imeshapigwa kwingine. Nikaiachia MemTest86, programu ya kupima RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), ya kwenye flashi usiku kucha. Uzuri wake inawaka yenyewe, haipiti kwenye Windows kabisa. Asubuhi makosa mekundu yamejaa. RAM zilikuwa mbili, nikapima moja moja kwenye tundu lilelile, mbovu ikajitaja. Msibadilishe tundu hapo, mtailaumu RAM kumbe tundu la mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ndilo limekufa.

Mama Stationeri
Yangu kila asubuhi tarehe imerudi miaka nyuma, na Chrome inakataa kufungua hata barua pepe, eti si salama. Kijana wa dukani akasema virusi. Kumbe betri ya CR2032 ya kwenye mazabodi imeisha! Vyeti vya tovuti vina tarehe, sasa kompyuta iliyobaki mwaka mwingine inaviona batili. Tukaweka betri mpya, Windows ikagoma kuwaka: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nilichoka.

Fundi wa Ghorofani
Pole mama. BIOS, programu ndogo ya kwenye mazabodi inayoiwasha kompyuta, ikikosa betri inaweza kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kama SATA (njia ya diski kuongea na mazabodi) ilikuwa kwenye hali ya AHCI ikageuka IDE au RAID, Windows haiioni diski yake. Unairudisha ilivyokuwa, basi.

Mama Stationeri
Ndicho alichofanya fundi wa pili. Wa kwanza alitaka kuformati, na hesabu zangu zote zimo humo.

Mpemba wa Tanga
Laptop inazimika ghafla nikifungua video. Kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kosa la Kernel-Power 41 kibao, kila mtu anaitibu hiyo 41. Jamani, 41 inasema tu mashine ilizimika bila kuaga, sababu haisemi. Yangu ilikuwa joto: feni imeziba vumbi, pesti ya kupitisha joto kwenye prosesa imekauka. Kusafisha na kupaka upya, kimya mpaka leo.

Pengwini
Mnajitesa. Washa Ubuntu (mfumo mbadala wa Windows) ya kwenye flashi bila kusakinisha. Ikiganda nayo, iacheni Windows ya watu.

Diski Mbili
@Pengwini nusu nakubali. Ubuntu ya flashi haifanyi kazi juu ya diski yako, kwa hiyo diski inayokufa itafaulu mtihani huo vizuri tu. Mimi naanza na CrystalDiskInfo, programu inayosoma afya ya diski. Namba ya C7, makosa ya CRC (data kuharibika njiani), ikipanda, nabadilisha kwanza waya wa SATA. Mara nyingi diski ni nzima. Ikipanda C5, yaani sekta (vipande vya diski) zinazosubiri hukumu, hapo hakuna mjadala: nakili data kwanza. Wengi wanakimbilia chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, nayo inasomesha diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho. Diski mgonjwa inaweza kukufia hapohapo katikati, na picha za harusi zikiwa ndani.